Jina la mume wangu lilikuwa CRB

Afisa wa mikopo aligeuza kompyuta ili nione mwenyewe ripoti ya CRB, zile kampuni zinazotunza rekodi za madeni ya watu. Nikavua miwani, nikaipangusa kwa ncha ya leso, nikaivaa tena. Jina lilikuwa la mume wangu, nambari ya kitambulisho ilikuwa yake, na chini yake madeni mawili yaliyoandikwa kwamba hayajalipwa. Moja la benki, moja la mkopo wa simu. La simu lilikuwa shilingi 2,300.

Baba watoto alikuwa ameketi kando yangu, kofia mapajani, na hakutamka neno. Yule afisa, kijana aliye mdogo kwetu kwa umri, akashusha sauti: "Mwalimu, labda mwende mzungumze nyumbani kwanza, halafu mrudi."

Hiyo ilikuwa Februari 2024, kwenye sacco yetu hapa Nakuru. Tulikuwa tumepanga Free Area miaka tisa, nyumba ya vyumba viwili ambayo kodi yake haikuwahi kushuka hata mara moja, na tulikuwa tumepata nyumba Kiamunyi ya shilingi 3,400,000. Tulitaka tukope wawili na tumiliki wawili. Mimi nina mshahara wa ualimu, yeye ni fundi wa pikipiki na taarifa zake za M-Pesa zilionyesha pesa inayoingia kila siku isipokuwa Jumapili. Nilivyojua mimi, hatukuwa na deni la mtu.

Njia nzima kwenye matatu hatukusemeshana. Usiku watoto walipolala ndipo alipoanza. Mwaka wa 2019 alichukua mkopo wa benki wa 200,000 kujaza duka la vipuri. 2020 kafyu ikaja, pikipiki zikalala mapema, wateja wakawa wanakuja kuuliza bei na kuondoka. Alilipa alivyoweza mpaka akabaki na 98,000, kisha akaacha kupokea simu za benki. Akabadilisha laini. Kanuni za Benki Kuu zinamtaka mkopeshaji amjulishe mdeni siku 30 kabla ya kupeleka jina lake CRB, na huenda walimjulisha, lakini ujumbe ukaenda kwenye laini iliyokuwa kwenye droo.

Kilichoniuma si pesa. Mwisho wa 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango wa kuwapunguzia wadeni wa mikopo midogo ya simu angalau nusu ya deni, wakiwa na muda hadi 31 Mei 2023. Redioni ilisemwa wiki nzima. Nakumbuka tukisikiliza pamoja, mimi nikikaanga maandazi, yeye akifunga viatu, na mimi ndiye niliyesema, "Hii itawasaidia watu wengi." Akaitikia "ndiyo", akatoka. Hilo ndilo lililonifanya nilie usiku ule, kwamba alikuwa na aibu kubwa kiasi hicho ndani ya nyumba yangu na mimi sikuiona.

Tuliporudi kwa afisa, alitueleza hesabu. Mkopo wa 3,000,000 kwa miaka 20, riba ya asilimia 9.5, unalipiwa kama 28,000 kwa mwezi. Riba ya chini hivyo inawezekana kwa sababu sacco yetu huchukua fedha kutoka KMRC, kampuni iliyosajiliwa 2018 ili iwakopeshe benki na sacco pesa za nyumba za muda mrefu. Mwananchi haendi KMRC mwenyewe, anapitia kwa mkopeshaji wake. Sasa, wakiomba wawili, ripoti zote mbili hutazamwa, na ile mbaya ndiyo inayoamua. Nikiomba peke yangu, ripoti yake haiguswi, lakini na mapato yake nayo hayahesabiwi. Na kwa kuwa sheria ya ajira hairuhusu makato yapite thuluthi mbili ya mshahara, nafasi iliyobaki kwangu ilikuwa 18,000 hivi kwa mwezi. Hiyo inabeba 1,900,000. Kiamunyi ikatuponyoka hapo hapo mezani.

Tulianza na deni. La simu alilimaliza asubuhi moja kabla ya chai, na sijui nieleze vipi ninavyojisikia nikikumbuka kwamba 2,300 zilikaa miaka yote hiyo zikimchafulia jina. La benki lilikuwa limefika 231,000. Tulikuwa karibu kukubali, ila wakili mmoja tunayesali naye akatuambia tusimame kwanza. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema mkopo ukishakuwa mfu, yaani haulipwi tena, riba haiwezi kuzidi msingi, yaani deni lenyewe bila riba, uliokuwa umebaki siku hiyo. Msingi ulikuwa 98,000, kwa hiyo upeo ni 196,000 pamoja na gharama za kufuatilia deni. Mume wangu alienda na barua ya kurasa moja na nusu niliyoiandika kwa mkono. Walimzungusha wiki tatu, kaunta hii hadi ile, mwisho wakakubali 165,000 kwa awamu tatu. Awamu ya mwisho ililipwa Mei 2024. Msilipe deni la namna hii bila barua ya makubaliano yenye muhuri, na mkimaliza chukueni barua nyingine inayosema limekwisha. Kisha mfuatilie CRB mpaka rekodi ibadilishwe na cheti cha kutodaiwa kitoke, kwa sababu benki si lazima iwe na haraka kama yenu.

Nilidhani hapo tumemaliza. Kumbe kulipa hakufuti. Rekodi inabadilika kutoka "hajalipa" kuwa "amelipa", lakini historia ile mbaya inakaa miaka mitano tangu siku ya kumaliza kulipa. Kamati ya mikopo ya sacco yetu ikasema bado ni mapema kumpokea kama mkopaji mwenza.

Dada yangu ni muuguzi Leicester, Uingereza, na yeye alipitia jambo la namna hii. Kule kuna mpango wa umiliki wa sehemu: unanunua fungu la nyumba, kuanzia asilimia 10 hadi 75, unalipa kodi kwa fungu lililobaki, na baadaye unaongeza fungu lako kidogo kidogo. Nje ya London mapato ya kaya yasizidi pauni 80,000 kwa mwaka. Mumewe alikuwa na deni la simu lililoharibika, na huko doa hilo hukaa miaka sita. Anasema kuoana tu hakuunganishi rekodi zenu, ila akaunti ya pamoja au mkopo wa pamoja huziunganisha. "Ungeniuliza mapema," akaniambia, "ningekwambia muombe ripoti zenu kabla hamjakanyaga ofisini." Hapa Kenya pia ripoti ya bure unaipata mara moja kwa mwaka, kutoka kwa Metropol, TransUnion au Creditinfo. Nilikuwa sijawahi kuomba hata moja.

Basi nikakopa peke yangu. Tulipata nyumba Lanet, vyumba viwili, haina dari wala vigae, sakafu ya saruji tupu, shilingi 2,400,000. Mthamini alizunguka ukuta wote akitafuta nyufa, kama ilivyo desturi ya Nakuru yetu hii ya mipasuko ya ardhi, akaridhika. Sacco ikatoa 1,900,000. Laki tano zilizobaki zilikuwa akiba yangu ya 350,000, chama changu cha akiba 40,000, na pikipiki ya mume wangu, aliyoiuza 110,000 na kuanza kwenda kazini kwa miguu. Tulichosahau ni ushuru wa stempu, asilimia 4 kwa ardhi ya mjini. 96,000! Kaka yangu mkubwa alituazima, na pamoja na pesa akatoa ushauri: hati iandikwe jina langu pekee. "Deni ni lako, nyumba ni yako. Mtu aliyekuficha mara moja atakuficha tena."

Nilimsikiliza kwa heshima, kwa kuwa ananipenda na alikuwa ametusaidia. Lakini sikukubali, na nataka nieleze sababu, maana wanawake wenzangu wawili shuleni wamekwisha kuniuliza.

Kwanza, hata jina lake lingeachwa, Sheria ya Ardhi ya 2012 hairuhusu nyumba ya ndoa kuwekwa rehani bila mwenzi kuonyesha kwamba ameridhia. Kwa hiyo angetia sahihi tu. Angekubali kupoteza makao yake mimi nikishindwa kulipa, bila kuwa na hata tofali moja lililoandikwa lake. Pili, pikipiki. Pesa ile ilikuwa ndogo ukiilinganisha na yangu, lakini ndiyo mali yake yote aliyokuwa nayo.

Usiku kabla ya kwenda kwa wakili alinipa karatasi aliyoikunja mara nne. Ameandika kwa kalamu ya buluu: "Mama 80, mimi 20." Akasema tusajili kwa mafungu, ili kaka yangu atulie na mimi nilale. Sheria inaruhusu hivyo: kila mtu na fungu lake, na akifa linaenda kwa warithi wake. Njia nyingine ni umiliki wa pamoja usiogawanywa, ambao siku hizi husajiliwa kwa mume na mke tu bila kuhitaji idhini ya mahakama. Mmoja akifa, nyumba inabaki kwa aliye hai. Nilifikiria watoto wetu, nikafikiria shamba la baba mkwe ambalo ndugu bado wanagombania, nikamwambia wakili aandike hiyo ya pili.

Sacco yetu ilikubali mkopaji awe mmoja na wenye hati wawili, ila naye alitia sahihi rehani kama mwenye mali. Sacco nyingine hukataa, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa wakili. Hati yenyewe iko kwao na itakaa huko mpaka 2044, nikiwa na miaka 57.

Tulihamia Desemba. Dari aliipiga yeye mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi, mimi nikishika ngazi. Nyuma ya mlango wa kabati la jikoni, mahali tunapopima urefu wa watoto, kuna mstari mmoja usio wa mtoto yeyote. Ameandika kwa penseli: Mei 2029.