Beta wangu walizaa nilipozima pampu

"Kaka, bila pampu kali hawa samaki watakosa hewa." Ndivyo alivyoniambia aliyeniuzia beta wangu wa kwanza hapa Dar, na maneno hayo yaliniharibia uzao mara mbili. Yananiuma mpaka leo. Beta ana kiungo kichwani, juu ya matamvua, kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji. Kwao Thailand anaishi kwenye maji yaliyotuama, hata kwenye mashamba ya mpunga. Pampu kali ya nini?

Mara ya kwanza dume alijenga kiota chake cha mapovu usiku kucha. Asubuhi nilikuta mapovu yote yamesukumwa pembeni na kupasuka, naye anazunguka akianza upya. Mara ya pili alifaulu kujificha kwenye kona, mayai yakaanguliwa, nami nikafuata ushauri mwingine wa yule bwana: kuwalisha vifaranga kiini cha yai la kuchemsha. Siku ya tatu maji yalikuwa yananuka na hapakuwa na kifaranga hata mmoja.

Mara ya tatu nilizima pampu. Nilipunguza maji yakabaki kina cha sentimita 12 hivi, kisha nikaokota jani kavu chini ya mti wa mkungu wa jirani, nikaliosha na kuliacha lielee juu. Maji yakawa kama chai ya rangi. Wafugaji wa Asia wanayathamini sana majani haya. Sisi huku pwani tunayafagia na kuyachoma! Dume akajenga chini ya jani, kiota kipana kama kiganja, na hakikusogea.

Jike nilimweka kwanza ndani ya chupa ya kioo humohumo tangini. Usidanganywe na tumbo kujaa. Subiri michirizi ya wima ubavuni, na ainamishe kichwa anapomwona dume. Nilipomfungulia, dume alijikunja kumzunguka, wakatulia kama wamezimia, mayai meupe madogo kuliko punje za mtama yakaanza kudondoka. Dume akayakimbilia, akayadaka kwa mdomo na kuyapandisha kwenye mapovu, moja baada ya jingine. Nilikaa pale saa tatu nzima, chai ikapoa. Walipomaliza nikamtoa jike upesi, maana dume angemuua.

Vifaranga walitoka baada ya siku moja na nusu, wakining'inia mikia chini. Walipoanza kuogelea wamelala, nikamtoa na baba yao. Chakula nilikiandaa mapema: ganda la ndizi ndani ya chupa ya maji ya tangi, dirishani, mpaka vijidudu wakaongezeka. Matone machache asubuhi na jioni. Wiki ya pili nikawapa artemia, vijidudu vya maji ya chumvi jamii ya kamba, waliototolewa siku hiyohiyo. Gharama zote, ukiacha tangi, sidhani zilizidi elfu thelathini.

Na funika tangi kwa nailoni. Kile kiungo cha hewa hukua wakiwa na wiki tatu hadi nne hivi, na wakati huo hewa wanayovuta iwe na joto la maji. Feni ya sebuleni niliigeuzia ukutani mwezi mzima, familia ikavumilia.

Wamebaki 41. Madume 17 tayari wanagombana, kila mmoja nimempa chupa yake iliyokatwa shingo, na boksi katikati wasionane.