Hilux ya Mjomba

Agosti 2009 nilikuwa na miaka 19, nikijifunza ufundi kwenye gereji moja ya Chang'ombe, Dodoma mjini. Mjomba alikuwa na Hilux kuukuu ya injini ya 2Y, ya kabureta inayochanganya mafuta na hewa, na ndiyo iliyobeba zabibu zake kutoka Hombolo. Zabibu hazisubiri. Zikichumwa alfajiri, zinatakiwa zifike mjini kabla jua halijawa kali, na gari lilikuwa likigoma alfajiri hizo hizo.

Betri nzima, stata inazunguka vizuri, lakini injini haishiki mpaka upige mara sita, saba. Ikishika, sailensa, ule mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, haikai: inapanda, inashuka, gari zima linatetemeka mpaka vioo vinagonga. Kanyaga mafuta, linatulia kabisa. Achia, linazima.

Gerejini tulibadilisha plagi, waya zake, kifuniko cha distribyuta na rota. Tukafungua kabureta, tukaiosha. Mjomba alilipa kila mara bila neno, na hilo bado linaniuma, maana zile zilikuwa fedha za zabibu.

Jumamosi moja nikaenda kwake Hombolo na spana zangu. Nikafungua plagi zote nne. Zilikuwa nyeupe kama majivu. Weupe ule ni hewa kuzidi mafuta. Nozo, kitundu cha mafuta ndani ya kabureta, ikiziba, plagi hupauka hivyo hivyo, ndiyo sababu tuliosha kabureta. Lakini kabureta safi, na weupe uko palepale?

Mjomba alikuwa ameketi kwenye kigoda, ananitazama. Siku zote aliniita mjomba, kama nilivyomwita yeye.

"Ukimaliza hapo, mjomba, uniangalizie na breki. Siku hizi mpaka niisimamie."

Maneno hayo aliyasema gerejini mara mbili nikiwepo. Tuliyaweka pembeni kama kazi nyingine, ya siku nyingine. Safari hii bisibisi ilisimama mkononi mwangu.

Busta ya breki, ile inayousaidia mguu kukanyaga, haina nguvu yake yenyewe. Inaipata kwenye mvuto wa injini, kwa mpira mnene unaotoka kwenye manifoldi, njia ya kuingizia hewa kwenye injini, chini ya kabureta. Mpira ule ukipasuka, breki inakuwa ngumu, na injini inavuta hewa ambayo kabureta haikuipimia mafuta. Kwenye sailensa, injini inapohitaji hewa kidogo sana, hewa hiyo ya wizi inaivuruga. Ukikanyaga mafuta inamezwa na ile nyingi inayopita njia yake.

Nikawasha gari, nikapapasa mpira kwa chini, upande usioonekana. Karibu na klipu kulikuwa na ufa wa urefu wa ukucha. Nikauziba kwa kidole gumba, injini ikatulia. Nikaachia, ikatetemeka. Nikaziba tena. Mjomba akainuka kigodani.

Mpira ulikuwa na urefu wa kutosha. Nikakata kipande kibovu, nikafunga upya kwa klipu ileile mpaka nipate mpya mjini. Skrubu ya sailensa, tuliyokuwa tumeikaza gerejini ili gari lisizime, nikailegeza.

Kesho yake alfajiri, baridi kali, tenga zimeshapangwa, nilimwelekeza mjomba akanyage breki mara kadhaa kabla hajawasha, aushikilie mguu hapo hapo, ndipo apige stata. Injini ikashika mara moja. Pedali ikazama kidogo chini ya mguu wake, akanigeukia.

"Imelainika," akasema, na mguu hakuutoa.