Mtoro, Kidato cha Tatu B

Umoja wetu wa waliosoma ulizaliwa msibani. Tulikutana makaburini, watu wazima wenye mvi, tukimzika aliyekuwa mwalimu wetu wa hesabu, na kabla hatujatawanyika mmoja wetu akazunguka kuchukua namba za simu. Likafuata kundi la WhatsApp, ikafuata michango ya rambirambi, mwisho tukawa na katiba, mwenyekiti na mweka hazina. Habari zetu zilikuwa zile zile: nani kafiwa, nani kastaafu, matokeo ya kidato cha nne yamekuwaje, bweni la wasichana linataka mabati. Mwaka 2022 ndipo likatoka wazo la kukusanya historia ya shule, nami nikaomba kuingia kwenye kamati bila kusubiri kupendekezwa.

Mapenzi hayo nilitiwa na mwalimu wetu wa historia. Alikuwa akitutoa darasani na kututembeza kwa miguu mjini Tanga, jua likituwakia, akituonyesha mahali reli ilipoanza kujengwa mwaka 1893 kuelekea Usambara, na kutusimulia habari za shule ya serikali ambayo Wajerumani waliifungua hapa miaka hiyo hiyo ya 1890. Jambo alilolipenda kuliko yote ni kwamba katika shule ile lilichapwa gazeti la Kiswahili, Kiongozi, lililodumu hadi vita vilipolimaliza mwaka 1916. Lilikuwa gazeti la mkoloni, hilo hakutuficha. Lakini walimu na makarani Waafrika waliosomeshwa shule za namna ile walilitumia kupeleka habari za miji yao, wakaandika kwa Kiswahili chao wenyewe mambo waliyoyaona kwa macho yao. "Msingoje mgeni aje awaandikieni," alikuwa akituambia.

Siku ya kutoa rejista stoo ilikuwa Jumamosi, na mwalimu huyo tulikwenda kumchukua nyumbani kwake Chumbageni kwa bajaji. Anatembea kwa mkongojo sasa, ila sauti ni ile ile. Mkuu wa shule wa sasa, kijana ambaye angeweza kuwa mwanangu, alitukabidhi ufunguo na kutuletea chai.

Stoo iko nyuma ya jiko. Tulitoa madawati yaliyovunjika miguu, nyavu za magoli, mapipa ya rangi iliyokauka, ndipo tukafika kwenye rejista za uandikishaji, zimepangwa chini sakafuni. Mchwa walikuwa wameingia kwa pembeni. Jalada la kitambaa ukiligusa linabaki mkononi, na kurasa za katikati zimeshikana kwa unyevu wa bahari. Dada mmoja wa kamati, aliyefanya kazi ya kutunza nyaraka serikalini hadi akastaafu, alikataa katakata zisianikwe juani. Tulizitandika barazani juu ya mikeka, kwenye kivuli chenye upepo, akatufundisha kutia karatasi safi kati ya kurasa zilizoloa na kufungua ukurasa kwa ubapa wa kisu cha mezani, taratibu, kuanzia kona iliyokavu. Vijana waliomaliza juzijuzi walipiga picha kila ukurasa kwa simu.

Mimi nilipewa rejista ya miaka yetu, niliyoifungua kwa hamu. Kila mwanafunzi ana mstari wake: namba, jina, tarehe ya kuzaliwa, shule ya msingi aliyotoka, jina la mzazi au mlezi, tarehe ya kuondoka, sababu ya kuondoka. Nikajiona: namba 713. Chini yangu, namba 714, somo yangu. Tulipewa jina moja, tulikaa dawati moja tangu siku ya kwanza mwaka 1986, na hadi leo hatuitani vingine. Kwenye mstari wangu, sababu ya kuondoka: amehitimu. Kwenye mstari wake, wino ule ule wa buluu: mtoro.

Somo hakuwa mtoro. Alipata ujauzito tukiwa kidato cha tatu, mwaka 1988, mwaka ambao Coastal Union ilichukua ubingwa na mji mzima ukawa sherehe. Wasichana walipopimwa, yeye aliitwa ofisini, akatoka na barua ya kumpelekea baba yake. Nilimbebea begi mpaka getini. Hakurudi tena.

Nilimpelekea mwalimu ile rejista mapajani. Akavaa miwani, akaifuata mistari kwa kidole mpaka akafika.

"Huu mwandiko wangu," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa najaza."

"Mwalimu, mbona uliandika mtoro?"

Alikaa kimya hata nikadhani hakunisikia. Kisha akaeleza. Aliyeandikiwa mimba, kwa kanuni za wakati ule, alikuwa amekwisha. Hakuna shule ya serikali ambayo ingempokea tena. Mtoro angeweza kuombewa. Mzazi angekuja na kiboko na maneno mengi, mtoto angeadhibiwa, lakini mlango ulibaki wazi. Kwa hiyo aliandika mtoro, akangoja baba yake somo aje baada ya mtoto kuzaliwa. Baba hakuja, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aje.

Akaomba kalamu. Alitaka afute, aandike ukweli. Yule dada wa nyaraka akaifunika rejista kwa viganja vyote viwili. "Samahani sana, mwalimu wangu. Kilichoandikwa hakifutwi, hata kikiwa si kweli. Tutaweka karatasi pembeni." Nilikuwa upande wake, na bado niko. Ukilifuta lile neno, unaifuta pia huruma ya mwalimu, na kanuni iliyomfanya aipitishe huruma yake kwa mlango wa nyuma.

Kulikuwa na jambo jingine lililonikera zaidi. Katiba ya umoja wetu ilisema mwanachama ni aliyehitimu kidato cha nne. Kwa kifungu hicho somo hakuwa wetu. Serikali ilitangaza Novemba 2021 kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito waruhusiwe kurudi katika shule za kawaida, na sisi tulioketi kwenye baraza ya shule yao tulikuwa bado tumewafungia nje mama zao. Nililisema hilo pale pale, kwa sauti. Mwenyekiti akasema tusichanganye mambo, leo ni siku ya rejista. Mimi nikatoka kando, nikampigia simu somo.

Yuko Sahare, ananunua samaki kwa wavuvi na kuwakaanga. Nilimweleza kwa kifupi. Swali lake la kwanza lilikuwa kama mwalimu yuko hai. La pili, kama namba 714 bado inasomeka. Alifika kwa bodaboda kabla ya alasiri, amejifunga kanga juu ya dera.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu hapa."

Akasoma mstari wake amesimama. "Miaka yote hii najua nilifukuzwa," akasema, "kumbe kitabuni nilitoroka."

"Nilikuachia mlango," mwalimu akamjibu.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba, mwalimu. Mlango huo ningeujuaje?"

Mwalimu akatikisa kichwa, akasema kweli, alipaswa kwenda nyumbani kwao mwenyewe, na hakwenda. Somo akavuta kiti, akaketi karibu naye. Wakaanza kuulizana habari za watu, huyu yuko wapi, yule kazikwa lini, na mwenyekiti mwenyewe akasogea kusikiliza, maana somo alikuwa anakumbuka majina ya wapishi na walinzi ambayo hakuna rejista yoyote iliyoyahifadhi. Katibu akaanza kuyaandika.

Ile karatasi ya pembeni aliitunga somo mwenyewe, katibu akiandika neno kwa neno: Mwanafunzi namba 714 hakutoroka. Aliondolewa Kidato cha Tatu B mwaka 1988 kwa ujauzito. Alikuwa mfungaji wa timu ya netiboli ya shule. Akatia sahihi, na mwalimu akatia ya kwake chini yake kama shahidi.

Kifungu cha uanachama tulikibadilisha kwenye mkutano mkuu uliofuata. Haikuwa rahisi, wako waliosema tunashusha hadhi ya umoja, na wawili kati yao hawajachangia tena hadi leo. Sasa kinasema mwanachama ni yeyote aliyeandikishwa. Somo hakungoja mkutano huo umalizike. Alikwenda kwa mweka hazina, akahesabu ada yake ya mwaka, akadai risiti yenye muhuri.