Gari likitetemeka ukikanyaga mafuta, giaboksi iache kwanza

Inaniuma kuona watu wakiuziwa giaboksi wasiyoihitaji. Gari linatetemeka ukikanyaga mafuta, fundi analizungusha mtaa mmoja, anarudi akitikisa kichwa: "Hii giaboksi imekwisha, dada." Jirani yangu hapa Kisauni, Mombasa, alibadilishiwa, akalipa hela alizokuwa akiweka karo ya wanawe, na gari likaendelea kutetemeka vilevile.

Mimi nabeba vyakula vya harusi kwa Probox, otomatiki, injini ile ya 1NZ. Likishapakiwa sufuria za biriani, mafriji ya maji na wasichana wa kupakua, gari halifichi ugonjwa. Mwaka jana lilinianzia Likoni, pale unapotoka kwenye feri na kupanda mlima. Magari yamebanana, mbio huwezi kuchukua, unakanyaga polepole na mzigo wote unakuvuta nyuma. Likaanza kutingishika, usukani, viti, mpaka vifuniko vya sufuria vikalia. Nikiachia mafuta, latulia. Nikikanyaga, laanza tena, na taa ya injini ikawa inawaka na kuzima.

Taa hiyo ikimemeta namna hiyo, punguza mguu papo hapo. Petroli isiyoungua inatoka kwenye silinda na kwenda kuungulia ndani ya egzosi, na ule moto hukiharibu kichujio cha moshi. Hapo utakuwa umejiongezea gharama ya pili juu ya ya kwanza.

Kabla ya kumwendea fundi, angalia gari linatetemeka lini. Likitetemeka ukifika mwendo fulani, tuseme 80, umekanyaga au umeachia, hayo ni matairi: balansi, au rimu iliyopindwa na mashimo ya barabara zetu. Likitetemeka ukikanyaga tu, tafuta kwenye injini, au kwenye vile vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu.

Na hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Wanasimamisha gari, wanatia N, gia huru, wanakanyaga, injini inavuma vizuri, basi wanasema injini haina neno. Lakini injini isiyo na mzigo haijapimwa. Gari likipanda mlima na mzigo, mgandamizo ndani ya silinda huwa mkubwa, na cheche hupata taabu kuruka kwenye mwanya wa plagi. Koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa kutoa cheche, ikichoka itatoa moto vizuri gereji, kisha ikakuangusha mlimani. Kwa hiyo ukienda kupimwa, mpakize fundi, mtafute mlima.

Mimi nilimwendea ami yangu, ambaye ametengeneza magari tangu sijazaliwa. Akachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, ikatoa kodi ya hitilafu, yaani namba ya ugonjwa: P0303, silinda inakosa moto. Tarakimu ya mwisho ndiyo silinda: ya tatu, ukihesabu kutoka upande wa mikanda. Ingetoka P0300, ingekuwa silinda zinakosa moto ovyo ovyo, na hapo ungeanza kufikiria petroli chafu, pampu, au hewa inayoingia pasipo njia yake.

"Usinunue kitu bado, mwanangu," akaniambia. Akangoja injini ipoe, akachomoa soketi taratibu, kwa sababu klipu za plastiki za magari haya huwa zimekauka na huvunjika ukizilazimisha, akafungua bolti ya koili kwa spana namba 10 na kuivuta. Raba yake ndefu ilitoka inang'aa oili, imevimba na kulainika kwenye ncha. Tukamulika tochi shimoni: oili imejaa mpaka imefunika kichwa cha plagi. Na kwenye pini za soketi, ule ukijani wa chumvi ambao sisi watu wa pwani tunaujua kwenye kila chuma.

Akaihamisha koili ya tatu hadi silinda ya kwanza, ya kwanza akaileta ya tatu, akafuta kodi, tukatoka. Tuliporudi mashine ikasoma P0301. Ugonjwa umeifuata koili. Jaribio hilo halina gharama yoyote, na sielewi kwa nini mtu afunguliwe giaboksi kabla halijafanywa.

Koili mpya peke yake isingedumu, maana oili ingeila nayo. Ilikuwa ikipenya kwenye raba zinazozunguka mashimo ya plagi, chini ya kava la juu la injini. Tukabadilisha gasketi na raba, koili moja, na plagi zote nne, mwanya milimita 1.1. Ile oili ya shimoni tuliinyonya kwa sirinji kwanza, tukapangusa kwa kitambaa, ndipo tukafungua plagi. Ukifungua bila kusafisha, uchafu wote unaangukia kwenye silinda. Soketi tukazipulizia dawa ya kusafishia umeme. Tangu hapo nimepanda Mazeras na mzigo kamili, halijanitikisa.

Sisemi giaboksi haziharibiki. Magari ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, yakitiwa oili ya kawaida ya otomatiki badala ya oili yake, huanza kutetemeka kama unapita juu ya matuta madogo yasiyokwisha. Hata hapo, uliza kwanza ilitiwa oili gani na lini.

Na kama kompyuta haina kodi, plagi na koili ni nzima, na gari latetemeka kulia na kushoto ukikanyaga, likaacha mara tu ukiinua mguu, chungulieni shafti, zile fimbo za chuma zinazozungusha magurudumu, kwenye jointi zake za ndani upande wa giaboksi. Raba inayofunika jointi ikipasuka grisi humwagika, mchanga huingia, na jointi hulika. Gari liinuliwe, fundi aishike shafti kwa mkono aitikise juu na chini, na wewe uwepo pale uone kwa macho yako inavyocheza.