Kifaransa cha darasa la tatu, Ujiji

Wanafunzi wangu hawaulizi Kifaransa kina faida gani. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na ukipanda kaskazini unafika Bujumbura. Kwa hiyo naanzia sokoni, sarufi itakuja. Naleta dagaa na chupa ya mawese, mmoja anauza, mwenzake anauliza: "C'est combien?", yaani ni bei gani?

Namba ndizo zinazowatoa jasho. Ufaransa sabini husemwa "sitini na kumi", na tisini ni "nne-ishirini na kumi". Mtoto wa miaka tisa umtwishe hesabu hiyo ya nini? Wakongomani na Warundi, kama Wabelgiji, husema septante (sabini) na nonante (tisini). Nafundisha hizo kwanza, kwa sababu ndizo watakazozisikia bandarini. Za Paris watazikuta sekondari, wakiwa tayari wanakipenda Kifaransa.