Beringi Iliyokosewa Namba

Slaidi za mtunza stoo wetu zilikuwa 32, na ya kwanza ilikuwa picha ya jengo la kampuni. Mkufunzi tuliyemwalika, mama wa makamo aliyefanya kazi ya mauzo kabla ya kufundisha watu kuzungumza, alizitazama zote kwa subira, kisha akaomba projekta izimwe. Siku iliyofuata mtunza stoo wetu alitakiwa kusimama mbele ya wakurugenzi kuomba mambo mawili: rafu za vipuri zipangwe upya, na zinunuliwe skana za kusoma msimbo pau ili kila mzigo ukaguliwe mara ya pili kabla ya kutoka. Mimi nilikuwa mwandishi wa kikao, na mengi ya haya nayatoa kwenye daftari la mchana ule.

"Kaka, mara ya mwisho mteja kupelekewa kipuri kisicho chake ilikuwa lini?"

"Kwa kawaida, mama, makosa hutokea pale ambapo..."

"Ya kawaida utaniambia baadaye. Nauliza ya mwisho."

Mkufunzi alikuwa na sababu ya kutaka ya mwisho na kuiacha ile mbaya kuliko zote. Mtu akiachiwa achague, huchagua tukio la kutisha, na msikilizaji mwenye fedha hulijibu kwa sentensi moja: hilo lilitokea mara moja tu. Tukio la mwisho halikuchaguliwa na mtu, kwa hiyo huwa linafanana zaidi na mambo ya kila siku. Sharti lake ni moja: kabla ya kulitumia, ulilinganishe na kumbukumbu za stoo uone kama ni la aina inayojirudia. Mhasibu alifungua daftari la mizigo iliyorudishwa, akathibitisha kwamba ni la aina hiyo.

Tukio lenyewe lilikuwa hivi. Fundi wa pampu za maji aliagiza beringi (pete ya chuma inayoshika shafti, yaani mhimili unaozunguka) namba 6204, akapelekewa 6205. Kwa asiyezifahamu, tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, ukizizidisha kwa 5 unapata upana wa tundu kwa milimita. 6204 ina tundu la milimita 20, upana wa nje 47 na unene 14. 6205 ina 25, 52 na 15. Ukizishika mkononi moja moja bila kipimo, hutofautishi kwa urahisi, na maboksi yake ni ya rangi moja. Kwenye shafti ya milimita 20, ile kubwa inacheza, na kwenye nyumba yake ya milimita 47, yaani tundu la pampu ambamo beringi hukaa, haiingii kabisa. Fundi alikuwa ameshafungua pampu na kuchomoa beringi ya zamani alipogundua. Ilikuwa Ijumaa jioni, stoo yetu imefungwa, na pampu ile ndiyo iliyopandisha maji kwenye ghorofa la wapangaji. Ilikaa wazi hadi Jumatatu.

Mtunza stoo alilieleza hilo kwa karibu dakika tisa, akipita kwenye historia ya idara, mfumo wa oda, na mjadala wa zamani kuhusu lebo. Mkufunzi akaandika maswali sita ubaoni: nani, lini, alitaka nini, nini kilimzuia, akafanya nini, nini kikabadilika. Kila sentensi iliyoshindwa kujibu mojawapo ilifutwa. Mwaka wa kuanzishwa kampuni ukaenda, muundo wa idara ukaenda, na sentensi zote zenye "huwa" zikageuzwa kuwa za "-ka-": akafungua, akachomoa, akapima, akapiga simu. Katika kuzungumza, mabadiliko hayo madogo ya kitenzi ndiyo yanayomfanya msikilizaji aone mtu mmoja akifanya kitu, badala ya kusikia taarifa kuhusu utaratibu.

Akakadiria kwamba dakika 3 za mazungumzo yaliyotulia hubeba takribani maneno 300 ya Kiswahili. Atakayeandika 500 atalazimika kukimbia, na akikimbia hatapata nafasi ya kunyamaza pale panapohitaji kimya. Kwa mfano wa ufupi alitaja kisa ambacho Stephen Denning alikitumia Benki ya Dunia mwaka 1996, alipokuwa akiwashawishi wakubwa wake wakusanye na kugawa ujuzi wao. Juni 1995 mhudumu wa afya katika mji mdogo wa Kamana, Zambia, aliingia kwenye tovuti ya kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, akapata jibu la swali lake kuhusu kutibu malaria. Benki ya Dunia, pamoja na ujuzi wake wote, haikuwamo kwenye picha hiyo. Kisa kinaishia hapo. Msikilizaji anabaki na pengo, na ni yeye mwenyewe anayeanza kufikiria namna ya kuliziba.

Hapo mhasibu akapinga. Wakurugenzi, alisema, wanataka namba. Hadithi ni za kupoteza muda. Mkufunzi hakumbishia kwa maneno matamu. Alitaja jaribio la wanasaikolojia Gordon Bower na Michal Clark la mwaka 1969, ambapo wanafunzi walipewa orodha 12 za maneno kumi kumi. Waliounganisha kila orodha kwa kisa walichokitunga wenyewe walikumbuka, mwishoni kabisa, asilimia 93 ya maneno yote. Waliokariri kwa muda uleule walikumbuka asilimia 13. Kisha akaongeza mambo mawili ambayo wanaopenda kulinukuu jaribio hili huyaruka. Kwanza, mara tu baada ya kila orodha makundi yote mawili yalikumbuka karibu sawa. Tofauti ilitokea baadaye, maneno yalipokuwa mengi na kuchanganyikana. Pili, visa vile vilitungwa na wakumbukaji wenyewe. Kwa hiyo jaribio halisemi kwamba mkurugenzi atakumbuka kila kisa utakachomsimulia. Nilipenda uaminifu huo. Ile takwimu inayozungushwa kwenye semina kwamba kisa hukumbukwa mara 22 kuliko ukweli mtupu haina utafiti unaoonyeshwa nyuma yake, na anayeitumia mbele ya mhasibu makini atajuta.

Namba hazikutupwa. Zilihamishwa. Slaidi ya nne ilikuwa inasema asilimia 2 ya oda hurudishwa kwa kosa la kipuri, na pale ilipokuwa haikumgusa mtu, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuliza. Ikiwekwa baada ya kisa cha fundi, inajibu swali ambalo kila msikilizaji analo tayari kichwani: hili hutokea mara ngapi? Nayo ikatamkwa kwa sura nyingine: oda moja kati ya 50, maana yake kwa wiki ya oda 400 kuna watu wanane kama fundi yule. Grafu moja ikabaki, ile ya mizigo iliyorudishwa kwa aina ya kipuri, ambamo beringi na sili (pete za kuzuia mvujo) zilikuwa juu ya vyote.

Kazi ngumu ya mchana ule ilikuwa kuamua kisa kianzie wapi, na naamini hapo ndipo wengi wanaofundisha usimulizi kwa watu wa biashara wanapopita haraka mno. Mtunza stoo alikuwa ameanza na kijana wa kufunga mizigo: siku ile kijana alichukua boksi bila kusoma namba. Kila neno hapo ni kweli. Lakini mkufunzi akamuuliza, "Ukianza hivyo, mkurugenzi atatengeneza nini?" Mtunza stoo akafikiri, akajibu kwamba atamtengeneza kijana: barua ya onyo, mafunzo, pengine kumwachisha kazi. Skana na rafu zisingefika hata mezani. Kisa hudai mtu, na msikilizaji humtafuta wa kulaumiwa kati ya watu aliopewa. Mtu wa kwanza kutajwa akifanya kitendo ndiye hubeba mzigo.

Wakajaribu mianzo mingine. Ukianzia kwenye rafu, 6204 na 6205 zikiwa bega kwa bega kwa sababu tulizipanga kwa kufuata namba, tatizo ni la upangaji, lakini hakuna binadamu wa kumjali mpaka dakika ya pili. Ukianzia kwa fundi akiwa amepiga magoti mbele ya pampu iliyo wazi, una mtu, una muda, una kizuizi, na swali la imekuwaje linarudi lenyewe kwenye stoo, ambako rafu zinangoja. Huo ndio uliochaguliwa: fundi kwanza, rafu baadaye, na mfungaji mizigo akatajwa kama mtu aliyewekewa maboksi mawili yanayofanana kando kwa kando.

Kabla ya kupitisha mpangilio huo mkufunzi alitaka kijana mwenyewe aitwe. Alisema huwezi kumweka mtu kwenye kisa cha kazini bila yeye kujua, hata ukificha jina, kwa kuwa wenzake watamtambua. Kijana akaja, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyefunga ule mzigo. Mimi sina umakini."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ni hukumu. Nipe kilichotokea."

Akampitisha kwenye maswali yaleyale sita. Gari la mizigo lilikuwa linangoja nje. Orodha ilichapwa kwa herufi ndogo. Mkono wake ulikwenda penye nafasi ya 6204, kama unavyokwenda kila siku, ukatoka na boksi. Hapo mkufunzi akamsimamisha. Mkono ulikwenda penye nafasi ya 6204? Ndiyo. Basi 6205 ilifikaje hapo? Kijana akakaa kimya kidogo, kisha akasema ilikuwa boksi lililorudishwa na mteja mwingine, na mizigo iliyorudi ilikuwa ikirudishwa rafuni na yeyote aliye karibu, bila kukaguliwa.

Hakuna slaidi hata moja kati ya 32 iliyokuwa na jambo hilo. Lilikuwa limejificha ndani ya maneno "sina umakini", na lilitoka kwa sababu mtu aliombwa afuate mkono wake hatua kwa hatua. Ombi la tatu likazaliwa palepale: mizigo iliyorudi iwe na rafu yake, isichanganywe na mingine hadi ikaguliwe.

Mkufunzi alibaki na kijana dakika chache. Watu wengi, alimwambia, hujisimulia kosa kama tabia, na tabia haina mlango wa kutokea; kosa lililosimuliwa kama tukio lina kabla, wakati na baada. Akamshauri aliandike nyumbani kwa dakika 15, siku nne mfululizo, yaliyotokea pamoja na alivyojisikia. Ni utaratibu uliotokana na utafiti ambao James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha mwaka 1986, ambapo wanafunzi walioandika mambo mazito ya maisha yao kwa namna hiyo walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Akamtahadharisha kwamba mara tu baada ya kuandika, wanafunzi wale walijisikia vibaya zaidi, kwa hiyo asishtuke.

Jaribio la mwisho lilirekodiwa kwa simu. Mtunza stoo alikatazwa kukariri maandishi yote, maana aliyekariri akisahau neno moja hupotea njia nzima. Alikariri sentensi ya kwanza na ya mwisho tu. Katikati alikuwa na kadi yenye maneno sita. Aliposikiliza rekodi akahesabu mwenyewe mara alizosema "kimsingi" bila sababu. Baada ya maneno "haikuingia" alitakiwa anyamaze kwa muda wa kuhesabu moja, mbili. Mara ya kwanza alishindwa, akajaza kimya kile kwa kusema watoto wa wapangaji walikuwa wanalia kwa kiu. Mkufunzi akazima simu. Nani aliwaona? Hakuna. Likafutwa. Mkurugenzi akigundua chumvi mahali pamoja, ataitilia shaka hata ile moja kati ya 50, ambayo ni ya kweli.

Sentensi ya mwisho ilichukua muda kuliko ya kwanza. Rasimu ilisema "tunaomba mlifikirie suala hili", na ombi la namna hiyo hujibiwa kwa kufikiriwa. Ikawa: naomba leo mwidhinishe rafu za beringi zitenganishwe wiki hii, mizigo iliyorudi iwe na rafu yake, na skana mbili zijaribiwe kwa mwezi mmoja kwenye beringi na sili.

Wakurugenzi walimsikiliza bila kugusa simu zao. Alipofika kwenye moja kati ya 50, mmoja alimkatiza kuuliza wale saba wengine wa wiki walikuwa akina nani, na mhasibu, ambaye jana yake alipinga, ndiye aliyefungua daftari na kuwasomea. Hakuna aliyeuliza jina la mfungaji mizigo. Rafu mbili zilipitishwa palepale, na jaribio la skana likapewa mwezi wake, kwa sharti kwamba hesabu ya mizigo iliyorudi iletwe kila wiki. Kisha mkurugenzi wa fedha, aliyewahi kuuza vipuri ujanani, akauliza kama 6204 zenye kifuniko cha mpira na zile za bati nazo zitatenganishwa, kwa kuwa vipimo vyake ni vilevile na fundi huzikosea hata yeye. Mtunza stoo akajibu kwamba hilo halikuwa kwenye ombi, ila nafasi kwenye rafu inatosha. Nikaliandika kuwa azimio la nne.