Siku tuliyonunua bunduki ya misumari

Mwaka 2019, Dodoma ikiwa bado jiji changa, kazi za kupaua zilikuwa nje nje. Nyingi zilikuwa za bati, na bati halihitaji makuu: nyundo na msumari wa kofia, basi. Ila tukapata nyumba Iyumbu ambayo mwenyewe alitaka vigae vya lami, vile vinavyolazwa juu ya plaiwudi. Kigae kimoja kinataka misumari 4, na penye upepo mkali 6. Upepo wa Dodoma tunaujua. Mzee aliyenifundisha kazi alipiga hesabu, akasema kwa nyundo tutazeekea juu ya lile paa.

Tukaenda mjini, duka la vifaa. Muuzaji akatuwekea mezani bunduki mbili za misumari, mashine zinazopigilia misumari kwa nguvu ya hewa. Moja nyepesi, inang'aa, bei nzuri. Ya pili nyeusi, boksi limechakaa, bei inakaribia mara mbili. Mimi nilikuwa upande wa nyepesi, na bado nasema hoja yangu ilikuwa na uzito: kushika mashine kutwa nzima juu ya mteremko si mchezo.

Mzee wala hakugusa triga. Alifungua kasha la misumari, akafunga, akafungua tena, jicho kwenye bawaba. Ya nyepesi ilikuwa ya plastiki na tayari inacheza. Kisha akageuza mdomo, pale msumari unapotokea. Vigae vya lami vina chembechembe za mawe juu, na zile zinasaga chuma kama msasa. Nyeusi ilikuwa imewekewa vipande vya kabidi, kitu kigumu kuliko chuma, pale panapogusa kigae.

"Kijana, oringi zake unazo?"

"Mzee wangu, hii haiharibiki."

"Sijakuuliza kama inaharibika."

Muuzaji akacheka, akaingia stoo. Oringi ni zile pete za mpira zinazozuia hewa isivuje ndani. Vumbi likiingia na mafuta yakikosekana zinakauka, na bunduki inalala mpaka kipuri kitoke Dar. Za nyeusi zilikuwepo. Za nyepesi, "tunaweza kuagiza." Nadhani hapo ndipo mzee alipomaliza kuchagua, ingawa hakusema.

Tulijaribu nyuma ya duka, kwenye kipande cha plaiwudi na kigae. Koili, yaani mzingo wa misumari 120 iliyounganishwa, na kompresa inayosukuma hewa tukaiweka kwenye msukumo wa psi 100. Nyepesi ilizamisha kichwa mpaka kikakata kigae, na kigae kilichokatwa hivyo hung'oka siku ya upepo. Haikuwa na pa kurekebishia kina. Ungelazimika kushuka hadi kwenye kompresa kila mara. Nyeusi nayo ilizamisha, lakini mzee akazungusha gurudumu dogo karibu na mdomo, akapiga, akazungusha tena, mpaka kichwa kikalala sawasawa juu ya kigae. Akapitisha ukucha. Haukukwama.

Kilichobaki kilikuwa triga. Alitaka ya kupiga msumari mmoja kwa kila mbonyezo, si ile inayofyatua kila mdomo unapogusa kitu. Juu ya paa, alisema, kitu kinachoguswa kwa bahati mbaya huwa ni goti la mwenzako.

Bei haikushuka hata kidogo. Mzee alibembeleza, akanyamaza, akavaa kofia kama anayeondoka. Muuzaji akabaki anafuta meza. Mwishowe tulilipa ile ile, pakiti ya oringi ikaingia kama nyongeza, na mafuta ya mashine nikanunua mimi.